Namna ya kuupata mto uliouachia mji jina: mwongozo wa Kalemie

Mgeni akishuka bandarini Kalemie na kuuliza mto uko wapi, ataonyeshwa Lukuga, na hapo atakuwa ameshapotea. Lukuga ni mto mkubwa, una historia ndefu, umo katika ramani za dunia nzima. Lakini mji huu haukupewa jina la Lukuga. Umepewa jina la Kalemie, mto mdogo unaoshuka kutoka upande wa vilima, ukapita kati ya watu na kuingia Ziwa Tanganyika bila makelele. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuujua mto huo kwa haki yake: kuuona, kuutaja, kuuandika, kuutunza. Hauhitaji vyombo vya gharama. Unahitaji viatu visivyoogopa tope, asubuhi isiyo na haraka, na adabu ya kutosha kumsikiliza mama anayefua.

Kwanza, tia ramani mfukoni. Ramani ni kitu cha maana, ila mara nyingi huchorwa na mtu aliye mbali, na kwake mto mdogo ni mstari mwembamba wa buluu usio na nafasi ya jina. Hata mito iliyobahatika kuandikwa huandikwa kwa herufi za kubahatisha. Angalia mto wa Bendera, kama kilomita 120 kaskazini ya mji. Maporomoko yake yanazungusha mitambo iliyojengwa wakati wa Wabelgiji, na umeme wake unaletwa mpaka Kalemie. Mwezi wa Juni 1965 Wakuba waliofuatana na Che Guevara, pamoja na wapiganaji wa Kongo na wa Rwanda, waliishambulia kambi ya hapo Bendera wakashindwa, na tangu siku hizo mahali hapo pameingia katika vitabu vya lugha nyingi. Sasa vifungue vitabu hivyo, kisha ufungue na hati za umeme. Hapa utasoma Kyimbi, pale Kiymbi, kwingine Kimbi. Mji mzima unawashiwa taa na mto ambao waandishi hawajakubaliana herufi zake. Kalemie wenyewe una bahati zaidi kwa kuwa mji unaulindia tahajia.

Basi uliza watu. Kuuliza nako kuna utaratibu, na anayeuruka atarudi na jibu bovu. Salimia kwanza, ukae kidogo, uulizwe ulikotoka na utakakolala, ndipo uingize lako:

“Jambo yenu, papa.”

“Jambo, mwanangu.”

“Papa, huu muto munaita jina gani?”

“Unatafuta ule mukubwa ao ule mudogo?”

Mzee akishakuuliza hivyo, ujue umempata mtu anayejua, kwa sababu asiyejua hatofautishi. Jambo moja la kushika sana: usitie jibu ndani ya swali. Ukisema “huu ndio mto Kalemie, sivyo?”, mwenyeji mwenye adabu atakuitikia ndiyo hata kama umesimama juu ya mfereji wa maji ya mvua. Halafu usimwulize mtu mmoja. Panda juu kidogo uulize tena, shuka penye ziwa uulize tena. Mto mmoja unaweza kuwa na jina moja kilimani na jingine bondeni, na wote wanaokujibu wakawa wanasema kweli.

Historia ya ziwa hili imejaa watu waliouliza vizuri kisha wakayaacha majibu waliyopewa. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, wakapiga makasia mpaka Uvira wakitaka kujua habari za Ruzizi, mto wa kaskazini. Burton alitamani sana mto huo uwe unatoka ziwani kwenda Nile. Wana wa mtawala wa huko wakamwambia wazi kwamba Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Watu hao walikuwa wakiuona mto kila siku. Hata hivyo mabishano yaliendelea Ulaya miaka 13, mpaka mwishoni mwa 1871 Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi mpaka mdomoni mwa Ruzizi, wakaona maji yakiingia. Wangeaminiwa wenye mto, safari hiyo ingefanya kazi nyingine.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo Kalemie inaweza kulifundisha vizuri kuliko miji mingi ninayoijua: maji yanakwenda wapi. Mji huu una mito miwili yenye mwendo wa kupingana. Mto Kalemie unaingia ziwani, Lukuga unatoka ziwani. Simama kando ya Kalemie ufuate mwendo wa maji: uso wako unaelekea mashariki, ziwa liko mbele. Nenda Lukuga ufanye vilevile: uso unaelekea magharibi, ziwa liko mgongoni. Wapimaji wa mito wana kanuni moja dunia nzima, kwamba ukingo wa kulia ni ule ulio mkono wa kulia wa mtu anayetazama maji yanakokwenda. Kwa hiyo ukingo wa kulia wa Kalemie uko kusini, na ukingo wa kulia wa Lukuga uko kaskazini. Mtu akikuambia nyumba yake iko ng'ambo ya kulia ya mto, muulize ni mto upi kabla hujaanza kutembea.

Jambo hili la Lukuga limewasumbua watu wakubwa. Mwezi wa Mei 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alikuja kwa mtumbwi akiambaa pwani, akaelezwa na watu wa hapa kwamba Lukuga hutoka ziwani na kwenda kukutana na mto Lualaba. Akaingia mdomoni, akaona maji yakivutwa polepole kuelekea magharibi, kisha akazuiwa na majani mazito yaliyofunika mto. Akaandika kwamba ameupata mlango wa ziwa. Miaka miwili baadaye, Julai 1876, akaja Stanley, akapima, akakuta mafunjo, tope na maji yanayosogezwa huku na huku na upepo. Akasema mto hautoki bado, lakini ziwa likizidi kupanda utatoka. Akaandika pia kwamba sehemu ya kuelekea magharibi ina jina lake, Luindi, wakati Lukuga ni jina la ile hori ya upande wa ziwa. Mwaka 1879 akafika Edward Hore, mmisionari aliyekuwa na makao Ujiji, akakuta maji yanakimbia kwa nguvu kwenda magharibi, na hapakuwa na la kubishana tena.

Cameron na Stanley wote wawili walieleza walichokiona. Ziwa lilikuwa limepanda kwa miaka mingi nyuma ya kizuizi cha udongo na mimea mdomoni mwa Lukuga. Kizuizi kilipokatika, maji yakapata njia, na katika miaka kama 15 iliyofuata ziwa likashuka takriban mita 10. Pwani zikasogea mbali na nyumba. Hapo ndipo unapoona kwa nini namwomba mgeni aje na subira: mto unaoutazama leo ni hali ya leo. Ukirudi msimu mwingine, au akirudi mwanao baada yako, maswali yaulizwe upya.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal ya Siberia, na yote mawili yana mlango mmoja tu wa kutokea maji: Baikal lina mto Angara, letu lina Lukuga. Maji mengi ya Tanganyika huondoka kwa kugeuka mvuke chini ya jua. Yanayobaki na kutafuta njia ya chini hupita hapa, kando ya mji huu, yakafuata lile bonde ambalo reli ya kutoka Kabalo ililifuata mpaka ikafika ziwani mwaka 1915. Yakishakutana na Lualaba huenda Kongolo, Kindu, Kisangani, Kinshasa, mpaka bahari ya Atlantiki. Tone lililoshuka na mto Kalemie likaingia ziwani laweza siku moja kutokea Lukuga, kilomita chache tu kutoka lilipoingilia, na kuanza safari ya kuvuka nchi nzima. Mwalimu wa jiografia anayefundisha Kalemie ana somo hilo nje ya dirisha lake, na ningefurahi kuona kila darasa la mji huu likitolewa nje kulitazama.

Tuje kwenye jina lenyewe. Amri ya kwanza katika kutaja mto mdogo ni kutouletea jina kutoka nyumbani kwako. Mwishoni mwa 1891 Kapteni Jules Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alijenga ngome kwenye pwani hii ili kupambana na watu wa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani wa Ujiji. Akaiita Albertville, kwa heshima ya Albert, mpwa wa Mfalme Leopold wa Pili. Albert wakati huo alikuwa kijana wa miaka 16 na hakuwa amewahi kuliona ziwa hili. Kaka yake Baudouin, aliyefariki Januari mwaka huohuo, naye akapewa mji kusini zaidi, Baudouinville, ambao leo ni Moba. Ndugu wawili wa jumba moja la kifalme wakagawiwa pwani moja ya Tanganyika, na watu wa pwani hiyo hawakuulizwa.

Lakini jina la mto halikufa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika ziwani, Waingereza wa Geoffrey Spicer-Simson walileta kwa njia ya nchi kavu boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, ili kupigana na meli za Wajerumani wa Kigoma. Mdomo wa Lukuga haukuwafaa kwa bandari. Bandari ikajengwa kusini yake, na katika habari za vita hivyo panaitwa Kalemie. Kutoka hapo, tarehe 26 Desemba 1915, waliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Kwenye barua za serikali mji ulikuwa Albertville, ila aliyefika ufukweni alijua amefika Kalemie. Mwaka 1966, serikali ilipobadilisha majina ya miji ya kikoloni, Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Elisabethville ikawa Lubumbashi, na Albertville ikarudi kuwa Kalemie.

Lubumbashi pia ni jina la mto mdogo. Hata Nairobi imeitwa kwa maji baridi ya mto wa Wamaasai ambao watu wengi wa jiji lile huuvuka darajani bila kuutazama. Mto mdogo ni jina zuri la mji kwa sababu ulikuwapo kabla ya ngome, kabla ya kituo cha treni, kabla ya meza ya mtu wa ushuru, na hauwezi kushtakiwa kwamba ulipendelea upande wowote. Kalemie imekwenda mbali zaidi: komini zake tatu zinaitwa Kalemie, Lukuga na Lac, yaani mto mdogo, mto mkubwa na ziwa. Mtu wa hapa akitaja anwani yake anataja maji. Sijui mji mwingine uliojigawa kwa haki namna hiyo.

Ukitaka kuzoeza sikio, sikiliza mwanzo wa majina. Huku mito mingi huanza na Lu-: Lukuga, Lualaba, Luvua, Luama, Lufira, Lubuye. Mgeni akishasikia hivyo anaanza kuikisia mito hata kabla hajaiona, na mara nyingi anapata. Kalemie haumo katika safu hiyo. Isiwe sababu ya kuuongezea Lu- ili ufanane na wenzake. Uandike jinsi unavyotamkwa na wenye kuunywa.

Tena usidhani jina la mto mdogo haliendi mbali. Magharibi ya hapa, karibu na Niemba, kuna mto unaoandikwa Luweyeye. Tarehe 8 Novemba 1960 askari 11 wa Ireland waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa walishambuliwa kwenye daraja lake na vijana wa Kiluba, wakati wa vita vya Katanga. Waairishi 9 walikufa, na vijana wengi wa upande wa pili pia. Kule Ireland tukio hilo hukumbukwa kila Novemba, na wako wazee wa Dublin wanaolijua jina la Luweyeye ilhali wapo vijana wa Kalemie ambao hawajalisikia. Ukipita njia hiyo, simama darajani. Wafu wa pande zote mbili wanastahili dakika hiyo.

Kuhusu majira: usiutazame mto mdogo wakati wa kiangazi pekee ukadhani umeujua. Mwezi wa Julai unaweza kuupuuza. Njoo wakati wa mvua, vilima vinapotiririsha maji yote kwa pamoja, uone kijito kinavyodai nafasi yake. Hapo ndipo mji unapolipa deni la mwaka mzima: chupa za plastiki, majivu, matofali yaliyovunjika, vibanda vilivyojengwa kwenye ukingo kwa sababu kiwanja kilionekana kikavu. Kuanzia 2020 mambo yalizidi. Ziwa lilipanda, likafunika nyumba na njia Kalemie, Uvira na Bujumbura, na ziwa likiwa juu, mto mdogo hauna pa kumwaga maji yake. Yanarudi nyuma, yanaingia mitaani kupitia mlango wa uani wakati watu wamesimama mlango wa mbele wakilitazama ziwa.

Kwa hiyo aliyekuja kuujua mto afanye na hili: atembee kwa miguu kutoka mdomoni kupanda juu, kadiri njia inavyoruhusu, akihesabu mahali takataka zinapotupwa, kisha awaambie wenye mtaa kwa upole alichokiona. Asiwagombeze. Mama anayetupa majivu mtoni mara nyingi hana gari la takataka linalopita kwake, na kosa hilo ni la wenye kupanga mji kuliko lake. Serikali za Tanzania na Kongo zimekuwa zikizungumza juu ya banio la Lukuga, na nchi nne za ziwa zina mamlaka yao ya pamoja yenye makao Bujumbura. Hayo ni mazuri, na Lukuga inastahili mikutano. Kalemie hautapata mkutano wa nchi nne. Utapata watu wa mtaa wenye majembe Jumamosi asubuhi, au hautapata kitu.

Hatua iliyobaki ni ndogo kwa gharama na kubwa kwa maana, na ninaiomba kwa wote wenye sauti katika mji huu. Wekeni bango kwenye kila daraja: jina la mto, kama wanavyolisema walio ukingoni, na mshale wa kuonyesha maji yanakokwenda. Kalemie uwe nalo, Lubuye uwe nalo, na vijito vyote vinavyovukwa kila siku bila kutajwa. Walimu, wapeni watoto kazi ya kukusanya majina hayo kwa bibi na babu zao kabla wazee hawajaondoka nayo. Na wewe unayeandika habari, siku mvua itakapobomoa nyumba tena, usiandike kwamba mto mmoja umefurika mjini Kalemie. Uliza ni mto upi, uandike jina lake.